UZI: Kampuni ya mume na mke iliyotoka kwenye jarida hadi runinga hapa Nairobi. Ilikua, au ilinenepa?

Mzee wa Majarida

Wadau, hamjambo.

Juzi mama mmoja alinijia kibandani na magunia mawili ya karatasi. Anahama Buruburu, mzee wake ameshatangulia mbele za haki, na watoto hawataki kubeba "uchafu" ule kwenda nyumba mpya. Tukapatana bei ya kilo, akaenda zake. Usiku nikafungua gunia la kwanza na aibu ikanishika. Ndani kulikuwa na Weekly Review, lile jarida la siasa la kila wiki, kuanzia 1975, karibu miaka minne mfululizo, kila mwaka umefungwa kwa kamba ya katani. Asubuhi nilimpigia simu nikamwongezea. Alinicheka.

Tangu siku hiyo nasoma badala ya kuuza, ndiyo maana naanzisha uzi huu.

Vijana wengi mnamjua Hilary Ng'weno kama yule mzee wa sauti ya taratibu aliyekuwa akisimulia historia ya siasa zetu kwenye runinga. Alifariki Julai 2021. Sasa kabla ya runinga kulikuwa na kampuni, Stellascope, na ukiondoa jina hilo la kutisha lilikuwa duka la familia. Mume anahariri siasa, na mkewe, Fleur, anahariri Rainbow, jarida la watoto.

Hilary mwenyewe ni mzaliwa wa Nairobi, 1938. Akasoma shule ya Mang'u, akaenda Harvard kusomea fizikia. Aliporudi hakwenda kwenye maabara bali kwenye magazeti, na kabla hajafikisha miaka thelathini alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa gazeti la Nation. Hakukaa sana kwenye kile kiti. Mwaka 1973 alishirikiana na mchoraji vibonzo Terry Hirst kuanzisha Joe, jarida la kucheka ili usilie. Februari 1975 ndipo Weekly Review ikatoka.

Angalieni tarehe hiyo. Mwezi uliofuata mbunge J.M. Kariuki akauawa na mwili wake ukapatikana Ngong. Jarida halijatimiza hata miezi miwili, na tayari mbele yake kuna habari ambayo wakubwa wote wa jiji wangependa isiandikwe. Lingeweza kufa papo hapo. Badala yake watu wakajifunza kulisubiri kila wiki.

Nisikilizeni basi mimi mwuza karatasi. Jarida la wiki halishindani na gazeti la asubuhi. Tukio lenyewe mtu amelisikia Sauti ya Kenya, redio ya serikali, au amelisikia kwa jirani, ambaye siku zile alikuwa na habari zaidi ya Sauti ya Kenya. Anachotaka mwisho wa wiki ni kuambiwa nani alimkalia nani kikao, na kwa nini waziri fulani hakuonekana uwanja wa ndege. Kazi hiyo inataka vichwa vichache vinavyojua kuuliza. Haitaki mtambo mkubwa. Ndiyo maana familia iliiweza.

Halafu 1977 wakaanzisha Nairobi Times. Ilianza kama gazeti la Jumapili, baadaye ikawa ya kila siku. Mwaka 1983 ikauzwa kwa chama cha KANU, jina likabadilishwa kuwa Kenya Times. Jarida lenyewe likaendelea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaingia runinga, STV, yaani Stellavision. Na 1999 Weekly Review ikafungwa. Miaka ishirini na minne.

Swali langu ndilo hilo la kichwa cha uzi. Ilikua, au ilinenepa?

---

Binti Kaloleni

Kwetu jarida hilo lilikuwa haligusiki. Magazeti mengine tulifungia maandazi na kufunikia madaftari, lakini Weekly Review iliwekwa juu ya kabati, na baba alijua zilivyopangwa. Ukiichomoa moja anajua.

Rainbow ndiyo iliyokuwa yetu. Sikumbuki hadithi hata moja kikamilifu, ila nakumbuka kwamba watoto waliochorwa mle walifanana na sisi, wala theluji haikuwamo.

---

Fundi Sahani

Mzee umeuliza swali la mtambo, wacha nijibu mtu wa mtambo. Nimefanya kazi ya uchapaji Eneo la Viwanda miaka ishirini na zaidi, sasa niko River Road na kamashine kangu kadogo ka kadi za harusi.

Jarida la wiki unaweza kulichapa kwa mtambo wa mtu. Unampelekea kurasa, anatengeneza sahani za kuchapia, anachapa usiku ule ambao mashine yake ingelala bure. Akikuchelewesha nusu siku, jarida halijafa. Msomaji atanung'unika lakini atanunua, kwa sababu yaliyomo hayaozi kwa nusu siku.

Gazeti la kila siku halina jirani. Saa nne usiku kurasa zinafungwa, na gari la Kisumu na la Mombasa haliwezi kukosa kuondoka. Sahani ikipasuka saa sita usiku umekwisha, maana gazeti la jana hata mwenye kibanda cha nyama halitaki kwa bei ya leo. Kwa hiyo utataka mtambo wako, na ukishakuwa na mtambo wako unataka umeme, fundi wa zamu mbili, wino wa akiba na vipuri. Karatasi, iwe ya kiwanda cha Webuye au iliyokuja kwa meli, inalipwa kwanza, kabla hujauza nakala hata moja. Wauzaji wanakuletea marejesho baadaye. Zile zilizorudi ulishalipia karatasi, wino, usafiri na usingizi.

Halafu anakuja mwenye matangazo na kukuambia atalipa baada ya siku tisini.

Familia inaweza kumeza hayo miezi michache. Ikifika mwaka inabidi ukope, na ukikopa umeshaleta mtu wa tatu kwenye kitanda cha mume na mke.

---

Hasira za Jiji

Naomba kutofautiana na nyinyi wote. Mnampamba sana mzee wa watu.

Kwanza, mtu huru hauzi gazeti lake kwa chama tawala. Hapo hakuna cha kunenepa wala kukonda. Alimkabidhi kuku mwewe.

Pili, soma nakala za mwisho wa miaka ya 80, zilinganishe na zile za 1975 ulizo nazo. Wakati wa uchaguzi wa mlolongo wa 1988, wa kupanga foleni, jarida la Beyond lilipigwa marufuku na mhariri wake akafungwa. Gitobu Imanyara wa jarida la sheria la Nairobi Law Monthly naye akatiwa kizuizini 1990. Weekly Review ya wakati huo inaandika kama mtu anayepita kando ya mbwa aliyelala. Unaona anachojua, na unaona anavyokanyaga kwa vidole.

---

Mzee wa Majarida

@Hasira za Jiji sikatai, na nafurahi umesema. Nakala za miaka hiyo nilizipitisha mikononi kwa wingi zamani, na kweli joto lilipungua.

Lakini usisahau kilichotangulia. Mwishoni mwa miaka ya 70 mashirika ya umma yaliondoa matangazo kwenye magazeti yake. Nairobi ya wakati ule, ukiondoa mashirika ya umma, wenye matangazo makubwa walikuwa wangapi? Benki mbili tatu, bia, sigara na mafuta ya gari, na hao nao walikuwa wakisoma upepo kabla ya kuweka saini.

Mwajiriwa akifutwa kazi anatafuta nyingine. Mwenye kampuni akikatiwa matangazo, anakatiwa akiwa mezani na mkewe na watoto. Sisemi hilo linamsafisha, nasema ndivyo hofu inavyoingia kwenye kampuni ya familia. Haiingii kwa mlango wa ofisi, inaingia kwa mlango wa jikoni.

Kuhusu KANU, mwenye gazeti la kila siku linalokula hela na jarida la wiki linalosimama kwa miguu yake atauza lipi? Aliuza gazeti ili jarida liishi. Na mnunuzi mwenyewe hata hakuliweza. Kenya Times baadaye ilibidi itafute Robert Maxwell, mwenye magazeti wa Uingereza, wakaja na ndoto ya lile jumba la ghorofa sitini katikati ya Uhuru Park, mpaka Wangari Maathai akasimama mbele yao. Kama chama chenye serikali nzima mfukoni kilihangaika na gazeti lile, mume na mke wangefanya nini?

---

Shangazi wa Ruaraka

Nimesoma mpaka hapa nikaona nisiponena nitapasuka.

Katika hadithi hizi mwanamke huwa "na mkewe." Hilary Ng'weno na mkewe. Pius Nyamora na mkewe. Wanangu, huyo "na mkewe" ndiye mara nyingi anayejua ni nani amelipa na nani hajalipa.

Jarida la Society mnalikumbuka? Hilo nalo lilikuwa la mume na mke, Pius na Loyce Nyamora. Mwaka 1992 walishtakiwa wote wawili kwa uchochezi, na kesi ikapelekwa Mombasa. Kampuni iko Nairobi, kesi iko Mombasa. Kila tarehe ya mahakama ni safari ya kilomita karibu mia tano kwenda na nyingine kurudi, na jarida linataka kutoka. Huhitaji kumfunga mtu wa hivyo, unamchosha tu. Waliishia uhamishoni Marekani. Ukikamata mhariri wa kampuni kubwa, kuna naibu. Ukiwakamata mume na mke, ni nani atabaki ofisini, paka?

Na kuna Eunice Mathu, aliyeanzisha Parents mwaka 1986. Hakugusa ikulu. Aligusa ndoa, uzazi, mavyaa na mume anayechelewa kurudi. Wajanja wa mjini waliliona ni jarida la salon, lakini hata saluni yenyewe ilikuwa na wateja waliolipa, na hakuna waziri anayezuia tangazo la maziwa ya mtoto.

Fleur Ng'weno naye nimewahi kumwona kwa macho yangu. Siyo gazetini, ni kwenye matembezi ya kutazama ndege yanayoanzia Makumbusho kila Jumatano asubuhi. Ameyaongoza kwa miaka mingi kuliko umri wa majarida mengi ya nchi hii. Mimi nilikwenda mara moja tu, magoti yakakataa.

---

Dada Mhariri

Shikamoo shangazi, shikamoo mzee. Uzi huu umenikuta pabaya.

Mimi na kaka zangu wawili tunatoa jarida la wakulima, kurasa 24, mara moja kila miezi miwili. Nakala elfu mbili. Mimi naandika na kuhariri, kaka mkubwa anatafuta matangazo, mdogo anapiga picha na kuendesha pikipiki ya kusambaza. Tunajilipa kidogo, lakini hatudaiwi. Tunachodai ni kingi: kuna wakala mmoja wa matangazo amekalia hela zetu mwaka wa pili sasa, na kila nikienda naambiwa mhasibu ametoka kula. Huyo mhasibu ana njaa ya ajabu.

Sasa kaka mkubwa amepata wazo la redio. Anasema wakulima hawasomi, wanasikiliza, na hapo kweli ananishinda kwa hoja. Anataka tuuze shamba la baba huko Kinangop tuombe leseni na masafa. Mama ananiuliza mimi kwa sababu ndiye niliyesoma. Nimwambie nini?

---

Mtu wa Mnara

Dada, kabla hamjauza hata ng'ombe soma hapa. Nimepanda minara ya redio nchi hii tangu FM zilipoanza kuota kama uyoga.

Mfano wa familia iliyofanikiwa hewani ni S.K. Macharia wa Royal Media. Citizen ilianza 1999. Lakini mzee yule hakuingia akiwa mwandishi mwenye kalamu na ndoto. Aliingia akiwa mtu wa viwanda, aliyewahi kutengeneza karatasi na kuburutana na wakubwa mahakamani, na alijua kwamba hewani mali si kipindi, mali ni mtambo na eneo unalofika. Halafu akafanya jambo ambalo waheshimiwa wa mjini walilidharau: lugha za nyumbani. Inooro kwa Wakikuyu, Ramogi kwa Waluo, Mulembe kwa Waluhya, Musyi kwa Wakamba, Chamgei kwa Wakalenjin, Egesa kwa Wakisii. Kila moja ina wasikilizaji wake, na tangazo moja la mbolea linauzwa mara sita. Oktoba 2015 Inooro ikawa na runinga yake.

Huko ndiko kukua ninakokuona mimi. Ng'weno alijenga juu ya kichwa chake, Macharia alijenga juu ya minara. Kichwa kikichoka, jarida linachoka. Mnara hauchoki, ila unakula dizeli usiku na mchana.

Tena kuna jambo jingine. Nakala ya jarida unaweza kuificha chini ya godoro, ila mnara kila mtu anajua ulipo. Tarehe 30 Januari 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha pale Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, NTV, KTN na Inooro. Kampuni kubwa ikizimwa siku kadhaa inapata hasara na kuendelea. Nyinyi watatu na pikipiki mkizimwa wiki moja mmekwisha.

---

Msomaji wa Mbali

Niko Chicago, kazini usiku, nimesoma uzi wote kwenye simu. Naomba niongeze wa huku, maana hadithi ni ile ile.

John H. Johnson, 1942, alitaka kuanzisha jarida la watu weusi. Benki zikamcheka. Akakopa dola 500, dhamana ikawa samani za mama yake. Alikuwa akifanya kazi kampuni ya bima, akawaandikia wateja wake elfu ishirini barua akiomba kila mmoja atume dola mbili mapema. Watu elfu tatu wakatuma. Msambazaji alipokataa kuliweka jarida vibandani, Johnson alituma marafiki wazunguke wakiliulizia kila kibanda kana kwamba mji mzima unalitaka. Hapo @Mzee wa Majarida najua umetabasamu.

Ebony ikaja 1945, Jet 1951. Jet ndiyo iliyochapisha 1955 picha ya mwili wa kijana Emmett Till, baada ya mama yake kukataa jeneza lifungwe. Mkewe Johnson, Eunice, akaanzisha maonyesho ya mitindo yaliyozunguka nchi nzima kuanzia 1958. Mwanzoni mwa miaka ya 70 wakajenga jumba lao la ghorofa kumi na moja hapa Michigan Avenue, wakanunua stesheni ya redio, wakaipa jina WJPC, na wakaanza kutengeneza vipodozi. Binti yao, Linda, akashika usukani 2002, baba akafariki 2005.

Kisha matangazo yakahamia intaneti. Jumba likauzwa 2010. Jet ikaacha kuchapishwa 2014, majarida yote mawili yakauzwa 2016, na 2019 kampuni ikatangaza kufilisika. Unajua kilichokuwa na thamani kubwa mwishoni? Kabati la picha. Picha za zamani zilinunuliwa kwa dola milioni 30 na wakfu kadhaa ili zihifadhiwe. Redio haikubaki, vipodozi vilikwenda kwa wengine, na mtu hupita mbele ya lile jumba bila kujua.

---

Hasira za Jiji

Dola milioni 30 kwa picha za zamani, na mzee wetu hapa amenunua kwa kilo. Haya.

Ila @Msomaji wa Mbali umenifanya nifikirie. Binti mmoja wa Ng'weno, Amolo, ni mmoja wa watatu walioanzisha Africa Online mwaka 1994, wakati ambapo wengi wetu hatukujua intaneti ni nini. Kwa hiyo nyumba ile ile iliyokuwa ikihangaika na karatasi ilikuwa na mtu aliyekuwa ameshaona karatasi inaelekea wapi, na bado mzee alikwenda runinga. Hilo silielewi.

---

Mzee wa Majarida

@Hasira za Jiji nadhani mimi nalielewa kidogo. Ukikaa miaka ishirini ukiandika siasa chini ya redio moja ya serikali na runinga moja ya serikali, siku mlango wa runinga unapofunguliwa utaingia tu, hata kama mfuko unakuambia kaa. KTN, runinga isiyo ya serikali, ilikuwa imeshaonyesha 1990 kwamba inawezekana. Tamaa ya mwandishi ni kuonekana na wale wasiosoma.

Na mwisho wa yote aliifikia. STV ilitoka mikononi mwake, lakini simulizi zake za historia ziliingia nyumba nyingi kuliko jarida lilivyowahi kuingia, na alizirusha kwenye runinga ya watu wengine. Mnara wa jirani, kichwa chake. Sawa na @Fundi Sahani alivyosema kuhusu mtambo.

---

Fundi Sahani

Mzee, hapo umemjibu dada bila kumtaja.

@Dada Mhariri shamba msiuze. Tena angalia na sheria, 2002 dhamana ya kuchapisha tu ilipandishwa kutoka shilingi elfu kumi hadi milioni moja, hiyo ni karatasi. Hewani ni kilio kingine.

---

Dada Mhariri

Jana usiku nimemsomea kaka uzi huu wote kwa sauti, mama akisikiliza. Nilipofika pa "mtu wa tatu kwenye kitanda" mama aliinuka akaenda jikoni, nikajua amecheka.

Kaka hajakubali kabisa. Amekubali nusu. Tutarekodi vipindi vya dakika kumi kumi, mambo yale yale ya jaridani lakini kwa Kikuyu, kisha tuvipeleke kwa stesheni iliyopo tuombe nafasi ya alfajiri, saa kumi na moja, mkulima akikamua. Tangazo la mwenye mbegu tutalitafuta sisi. Wakikataa tutarudi kwa la shamba, amesema. Mama naye amesema akirudi kwa la shamba atamkuta yeye langoni.

Na kwa yule mhasibu nitakwenda Jumatatu saa nne, kabla ya saa ya kula.

---

Shangazi wa Ruaraka

Nenda na mama.

---

Hasira za Jiji

Mzee, ile ya Machi 1975 ya J.M. unauza ngapi?

---

Mzee wa Majarida

Hiyo haiuzwi. Binti Kaloleni, kuna Rainbow tatu kwenye gunia la pili, nimekuwekea, usinipe hela.

Magunia yenyewe yanauzwa. Mawili, hayajatoboka.